Sauti Niliyoomba Ikauke

Jumatatu, 6 Mei

Msiba. Mwalimu wa kwaya amenichagua niimbe ubeti wa tatu peke yangu Jumapili, mbele ya kanisa zima na askofu mgeni. Yeye ni fundi cherehani, hutuongoza kwa tepu ya kupimia nguo. Leo aliielekeza kwangu kama mtu anayenipima sanda. Nilitaka kukataa. Nikafungua mdomo, nikasema asante.

Mara ya mwisho kuitwa mbele ya watu nilikuwa darasa la tano. Nilikariri shairi vizuri hadi katikati, nikaitazama karatasi, nikaona nimeishika juu chini. Wapo wanaonikumbusha hadi leo.

Binamu yangu, binti wa shangazi, ndiye mwenye sauti ya kengele, na ndiye aliyeutaka ubeti huo. Alinipongeza kwa jicho la pembeni. Akasema hata kuku huwika siku yake ya kuchinjwa.

Lakini nina mpango. Jana mchungaji alihubiri kwamba anayeomba asimame kama mtu aliyekwisha kupewa. Niliandika neno kwa neno kwenye daftari. Wengine walikuwa wanasinzia. Basi nimeomba sauti yangu ikauke, kuanzia kesho hadi Jumapili saa sita mchana. Nimetaja muda ili kusiwe na utata.

Jumanne, 7 Mei

Nimeamka na sauti safi kabisa. Nikakumbuka kwamba aliyepewa hangoji dalili. Nikaenda jikoni, nikamwamkia mama kwa kunong'ona.

Huo si uongo. Nimelifikiria sana. Uongo ni kusema kisichokuwepo. Imani ni kusema kisichofika bado. Tofauti ni ya wakati tu.

Mama akanishika paji la uso, akanimulika kooni kwa tochi ya simu, akasema pamevimba. Hapakuvimba, nilijitazama kwenye kioo. Nimepewa maji ya chumvi nisukutue, tangawizi, limau, asali, na limau tena. Tumbo linanguruma. Sauti ingali nzima.

Shuleni nimekaa bila kusema neno siku nzima. Hakuna aliyeona tofauti.

Jumatano, 8 Mei

Mazoezi. Nikampa mwalimu wa kwaya kikaratasi: sauti imekauka. Alikisoma, akasema pole mwanangu, Mungu ni mwema. Nilingoja aseme binamu ataimba. Badala yake aliwasimamisha wanakwaya wote thelathini waniombee nipone.

Binamu alifumba macho kwa nguvu kuliko wote. Njiani akakiri kwangu: yeye ameomba nibaki hivihivi, na kama nina kinyongo nimsamehe. Nikamshika mkono. Sijawahi kumpenda binamu kiasi hiki.

Kwa hiyo upande wa kukauka tupo wawili, upande wa kupona ni kwaya nzima. Penye maombi mawili yenye imani sawa yanayovutana, Mungu hufanyaje? Nimetafuta jibu katika vitabu vyote vya maktaba ya kanisa. Vipo kumi na kimoja. Havisemi.

Alhamisi, 9 Mei

Bibi amenigundua. Alinisikia bafuni. Akasema amelea watoto sita na hajaona bubu anayeoga huku akikariri jiografia. Nikamsihi kwa mikono miwili asiseme. Akasema yeye si redio.

Nikapata ujasiri nikamwuliza: je, kila ombi la mtu anayeamini hujibiwa? Akasema amemwomba Mungu magoti mapya kwa miaka tisa, na amepewa mjukuu wa kutumwa. Kisha akanituma miwani yake.

Sikuona uhusiano.

Ijumaa, 10 Mei

Mambo yameharibika.

Mwenyekiti wa akina mama wa kanisa amekuja nyumbani na wenzake sita. Ana duka la dawa, kwa hiyo alishika Biblia mkono mmoja na vidonge vya kumung'unya mkono wa pili, akasema Mungu achague mwenyewe. Walinikalisha katikati ya sebule, wakaniwekea mikono. Mikono kumi na minne juu ya kichwa kimoja. Shingo iliingia mabegani.

Wakaomba nusu saa. Mimi nilikuwa naomba kinyume chao kimoyomoyo, ila walinizidi kasi. Kisha mwenyekiti akanitaka niseme Amina kwa sauti. Nikanong'ona. Akasema humu ndani kuna mtu mwenye shaka. Akamtazama mama.

Mama akasema mwenye shaka ni yeye, asitafutwe mwingine. Akasema mdogo wake alianza hivihivi, sauti kukwama tu, wakampa tangawizi na limau, na mwaka haukuisha wakamzika. Akasema tangu Jumanne hajapata usingizi. Ameshaniandikisha kwa daktari wa koo, Jumatatu asubuhi. Alikuwa anazungusha kifungo cha gauni lake, anazungusha, anazungusha.

Mama mdogo alipofariki nilikuwa na miaka mitatu. Nilijua amekufa. Sikujua ugonjwa wake ulianzaje.

Nikasema Amina.

Ilitoka kubwa mno. Akina mama walipiga vigelegele hadi jirani akaja kuuliza nani anaolewa. Mama alinikumbatia mpaka kile kifungo kikanichora shavuni. Mwenyekiti akatangaza kwamba Jumapili, nikishaimba, nitatoa ushuhuda wa uponyaji mbele ya askofu. Dakika kumi.

Niliomba nisisimame mara moja. Sasa nitasimama mara mbili, na mara ya pili nitakuwa nasema uongo ambao hata mimi siwezi kuuita imani.

Jumamosi, 11 Mei

Nimemwambia mama kila kitu kabla hajanywa chai. Nilikuwa nimeandika hoja saba. Nilizisahau zote, nikasema tu kwamba koo langu halijawahi kuuma.

Akaniuliza, hata kidogo? Nikasema hata kidogo. Akaniuliza tena. Nikarudia. Akajikalisha kwenye kigoda cha jikoni, akacheka, akafuta macho, akacheka tena, akasema asante Mungu, kumbe mwanangu ni mwongo tu. Adhabu ni kuosha vyombo mwezi mzima. Vya asubuhi hii aliviosha mwenyewe, huku akiimba.

Kisha akaniongoza kwenda kuomba radhi. Mwenyekiti alinikunjia uso, akasema basi nirudishe vile vidonge. Nilikuwa nimeshavimaliza, ni vitamu. Akasema atanisamehe, ila nisimwambie mtu kwamba alikuwa amekwisha kumsimulia mchungaji muujiza.

Mwalimu wa kwaya tulimkuta akipunguza kiuno cha suruali ya mteja. Alisikiliza bila kusimamisha cherehani. Akasema hakunichagua kwa ajili ya sauti, sauti yangu ni ya kawaida tu. Alinichagua kwa sababu binamu hajawahi kufika mwisho wa ubeti wowote bila kusahau maneno, na mimi nayajua ya kila mtu. Akasema hata yeye mwenyewe askofu anamtisha. Akaniuliza kwa nini sikumwambia tu kwamba naogopa.

Wazo hilo halikuwa limenijia.

Akakata uzi kwa meno, akaamua: binamu aimbe, mimi nisimame nyuma yake nimnong'oneze maneno. Mama akasema kunong'ona nimeshafanya mazoezi wiki nzima.

Jumapili, 12 Mei

Mstari wa kwanza, binamu safi. Wa pili, safi. Wa tatu nikamnong'oneza, akauchukua. Wa nne nikamnong'oneza, hakusikia, kinanda kilikuwa juu. Akaganda. Tepu ya mwalimu ikabaki hewani.

Kisha nikasikia mtu akiuimba mstari wa nne kwa sauti nyembamba. Nikageuka kumtafuta. Nilikuwa mimi.

Sakafu haikupasuka. Hakuna aliyecheka. Askofu hakutazama hata, alikuwa anatafuta ukurasa. Benchi la tatu, mama alikuwa ameegemea nyuma, macho ameyafumba, kama mtu aliyetua mzigo wa kuni. Usiku wa jana alikoroma hadi bibi akalalamika.

Binamu akamalizia ubeti. Ushuhuda haukuwepo, mwenyekiti alitumia dakika zangu kutangaza usafi wa vyoo. Nje binamu akaniambia nilikosea noti. Nikamwambia yeye aliikosa kabisa. Tukacheka hadi tukashikwa kwikwi.

Nimekula mara mbili. Nimelala mchana. Miadi ya daktari imefutwa. Kifua chepesi, kama nimevua koti la mtu mwingine.

Jumatano, 15 Mei

Mwalimu wa kwaya amefurahi kupita kiasi. Anasema mstari wa nne ulimgusa, na kwamba kwenye harusi ya mwezi ujao nitaimba ubeti mzima. Peke yangu. Mbele. Nikasema asante.

Nimekaa nikatafakari kosa langu la wiki iliyopita, na nimeliona. Sikupaswa kuomba ugonjwa. Ugonjwa unaumiza wengine. Nilipaswa kuomba heri.

Kwa hiyo nimeomba mwalimu wa kwaya apate kazi nzuri katika kanisa kubwa la mbali, lenye wanakwaya mia moja, wote wenye sauti. Anastahili. Na kwa kuwa anayeomba husimama kama aliyekwisha kupewa, nimenunua kadi ya kumuaga, nikaizungusha leo mazoezini. Sikuandika jina la anayeondoka. Busara ni muhimu. Watu kumi na tisa wameshatia saini. Binamu ametunga ubeti wa kwaheri, akasahau mwisho wake.

Mwalimu aliiona. Akauliza nani anatuacha. Nikamwambia itajulikana kabla ya harusi. Akasikitika kidogo, akachomoa kalamu ya sikioni, akaandika kwa mwandiko mzuri kabisa: Mungu akutangulie huko uendako, tutakukumbuka. Akatia saini.

Sijawahi kuona mtu mwenye imani kubwa namna ile.