Jani la Kijani Lawasili Liuqiu

Lo Wen-pin alikuwa kwenye foleni ya boti katika bandari ya Donggang, Taiwan, akimkwepa mama mmoja ambaye yeye mwenyewe alimuuzia sumaku feki ya kusafisha maji, aliposikia wasafiri wawili wakibishana nyuma yake.

"Hapo mimi silali," dada mmoja alimwambia mwenzake, akimwonyesha simu. "Tazama hii video. Vikombe vya plastiki kila meza, kiyoyozi kinapuliza chumba kitupu. Tutafute nyumba inayojali mazingira."

"Utaijuaje?"

"Si wangekuwa na alama mlangoni?"

Alama hiyo haikuwepo, na Wen-pin aliona ni dhambi kuiacha dunia na upungufu huo. Akachomoka kwenye foleni, akanunua kamera kubwa ya mtumba iliyokwisha kufa, akachapisha stika mia zenye jani la kijani na kasa anayetabasamu. Boti ya mchana ilimshusha kisiwani Liuqiu akiwa mtangazaji wa kipindi kiitwacho Safari Safi.

Wa kwanza kubahatika alikuwa Bwana Hung Chao-jung, mwenye nyumba ya wageni ya ghorofa nne karibu na gati. Ukumbi wake wa mapokezi ulikuwa na baridi ya ghala la kugandishia samaki.

"Bosi Hung," Wen-pin alisema, meno yakigongana, "dunia inaungua, ila kwako naona imepata nafuu."

"Unarekodi?" Hung aliuliza, akisukuma boksi la vikombe vya plastiki kwa mguu hadi nyuma ya kaunta.

"Bado. Nikibandika jani hili mlangoni, wageni watajaa. Nisipolibandika, watazamaji watauliza kwa nini."

"Nitatakiwa kuzima viyoyozi?"

"Nani kasema kuzima? Tunaanza na moyo, bosi. Viyoyozi vitafuata vyenyewe."

Hung hakuwahi kusikia uhifadhi mtamu kama huo. Akatoa dola elfu ishirini za Taiwan, akaomba stika mbili. Kwa kuwa hakuweza kufunga mdomo, kesho yake mabosi wengine sita walimtafuta Wen-pin wenyewe, mmoja akilalamika kwa uchungu kwamba Hung ameruhusiwa kuiokoa dunia kabla yake.

Siku ya tatu, begi likiwa limenona, Wen-pin alishika njia ya gatini. Hapo ndipo mkono wake uliponaswa.

Aliyemnasa ni Mama Ong Mei-chiao, muuza maandazi ya kusokota, kiongozi wa akina mama wanaookota taka ufukweni kila Jumamosi.

"Mwanangu mtangazaji, unaondoka bila kuaga?"

"Boti inaniacha, mama."

"Ipo nyingine. Njoo useme maneno mawili tu."

Gatini walisimama akina mama na magunia yao, na mabosi saba waliovaa mashati yaliyopigwa pasi. Mbele yao, juu ya kijiti, ilikuwepo simu ya Mama Ong. Watu elfu arobaini huifuatilia simu hiyo ili kuona bahari imetapika nini wiki hii.

"Tuko hewani!" alitangaza. "Huyu ndiye kijana aliyewashawishi mabosi wetu watoe fedha. Hebu waambie watu, mwanangu. Fedha hizo si ndizo za kuweka mabomba ya kujazia chupa, wageni waache kununua maji ya plastiki?"

Wen-pin akamtazama Hung. Hung akamtazama Wen-pin. Kukana kungehitaji maelezo, na hakuna aliyekuwa tayari kuyatoa mbele ya umati ule.

"Ndizo," Wen-pin alisema.

"Zote?"

"Zo... zote, mama."

"Jamani, kijana ana moyo huyu!" Begi lilishamtoka begani na kupita mikononi mwa akina mama watatu kabla hajapepesa macho. "Na Bosi Hung kaniambia viyoyozi vya vyumba vitupu vinazimwa leo, na vile vikombe havionekani tena. Au nilisikia vibaya, bosi?"

"Hukusikia vibaya," Hung alijibu, akitabasamu kama mtu anayeumwa jino.

Watu wakapiga makofi. Wen-pin, ambaye maisha yake yote umati ulipomkaribia alikimbia, alijikuta amesimama palepale, masikio yakimwaka moto.

"Ulijuaje?" alimnong'oneza mama yule simu ilipozimwa.

"Mtangazaji akifika mahali hutafuta mwanga, mwanangu. Wewe ulikuwa unatafuta njia ya kutokea." Akamtilia maandazi mawili mfukoni. "Ya njiani."

Botini, mkata tiketi aliisukuma pembeni noti yake ya mwisho. "Mtu kama wewe halipi! Tumekuona sote." Kisha akamkabidhi mfuko mkubwa mtupu wa kukusanyia taka, kwa heshima kama anayekabidhi kombe. Abiria wote wakageuka. Simu zikainuliwa.

Wen-pin akavuta pumzi, akakunja mikono ya shati, akauliza kwa sauti nzito ya utangazaji kama kuna mwenye kikombe kitupu.

Walikuwepo hamsini na wanne.