Nyama, Samaki, Maharagwe, Sombe

Jumapili, 3 Oktoba 1999. Dzaleka.

Mungu amenikumbuka! Tajiri mmoja wa mtaa wa Kawale mjini, mwenye ghala la mahindi, anatafuta wachezaji wa mpira wa kikapu. Wa kulipwa! Watakula na kulala Lilongwe. Na katika kambi hii ya wakimbizi nani anaujua mchezo huo kuliko mi, Théophile? Bukavu nilikuwa katibu wa timu. (Haya, nilishika ufunguo wa stoo. Nani atauliza?)

Nimechukua mkaa, nimewapanga wachezaji wote kwa majina kwenye ukuta wa jela ya zamani, kila mtu kwa thamani yake. Daraja la juu, Nyama. Halafu Samaki. Halafu Maharagwe. Mwisho, Sombe, majani ya muhogo. Hapa hakuna asiyeelewa mpango huo. Nyama tunaiona ndotoni tu.

Nyama ni mmoja: shemeji yangu Mulenda, mdogo wa mke wangu Jeannette. Akiruka, ile ndoo isiyo na tako tuliyoipigilia ukutani inatetemeka.

Jumanne, 5 Oktoba.

Fujo! Nsabimana, fundi cherehani, amejikuta kwenye Sombe. Kaja na mkasi mkononi, anauliza kama mama yake alizaa majani. Nikamweleza kwa upole kwamba sombe inaongeza damu. Hakutulia. Jeannette naye anasema binadamu hapangwi kama sufuria. Wanawake na mpira, wapi na wapi!

Jumatano, 6 Oktoba.

Balaa. Kipaza sauti kimepita: Ijumaa kambi nzima inahesabiwa. Mwenye kadi ya chakula asipoonekana, kadi inafutwa, na wote wanaolishwa nayo wanakosa. Na tajiri anatutaka Ijumaa hiyohiyo! Samaki wote wamekataa kwenda. Mulenda pia. Kadi yake njo inamlisha mama yao, mama mkwe wangu Antoinette, ambaye miguu haijapona tangu walipokimbia Fizi.

Nikafikiri. Nikapata! Nsabimana ni mrefu kama Mulenda. Ataitikia jina lake, kisha atavaa kofia aitikie la Mulenda. Nikamwendea. Akasikiliza, akatabasamu, akasema sawa, kochi. Kumbe ana moyo mzuri! Nikamwapia Mulenda kwamba kila kitu kiko tayari. Akaniamini.

Ijumaa, 8 Oktoba. Kawale.

Tumefika na Mulenda kwa matola, gari la mizigo linalopakia abiria, juu ya magunia ya mkaa. Uwanja hakuna. Mpira hakuna. Tajiri katupeleka ghalani, kamwambia Mulenda abebe magunia ya mahindi hadi kwenye lori. Mpira ni wa Jumapili, siku nyingine zote ni kubeba! Gunia la kwanza alilifikisha. La pili likamwangusha, likapasuka. Tajiri akasema, bila ubaya, kwamba kijana ni mrefu ila ana njaa, nimrudishe akishashiba. Akasema zikomo, yaani asante, akafunga geti.

Kabla ya geti kufungwa Mulenda alikuwa amepiga magoti, anaokota mahindi na kuyatia mfukoni. Nikatazama pembeni.

Jumamosi, 9 Oktoba. Dzaleka.

Nsabimana! Nyoka! Jana lilipoitwa jina la Mulenda, alisimama mbele ya wakubwa wote, bila kofia, akatangaza kwamba yeye ni Sombe tu, Nyama iko Lilongwe. Watu walicheka hadi kushika mbavu. Mama mkwe hakucheka. Kadi ilifutwa palepale.

Nimekwenda ofisini kuomba kadi irudishwe. Nimeambiwa kwamba mtu mwenye nguvu za kwenda mjini kucheza mpira hana njaa. Nikawaambia kosa ni la Nsabimana. Hawakuandika.

Jumatatu, 11 Oktoba.

Mulenda ameondoka. Anarudi Fizi. Nikamkumbusha kwamba kule bado wanachoma nyumba. Akajibu kwamba kule angalau kuna muhogo shambani, na kwenye sahani ya mama yake hawezi kula. Hakunitukana. Afadhali angenitukana.

Mama mkwe amehamia kwetu. Jeannette anamkatia nusu ya nsima yake mwenyewe, ugali wa huku, na mi hanisemeshi. Lakini mama mkwe bado ananiita mwanangu. Hilo njo linaniua. Nimelia nyuma ya choo, mtu mzima na ndevu zangu. Nimemtupa mtoto wa watu kwenye vita. Nimefuta ukuta wote kwa maji na matope. Basi. Mi na mpira, basi kabisa!

Alhamisi, 14 Oktoba.

Leo wamefika wakimbizi wapya kutoka Uvira. Wamechoka, vumbi hadi kwenye kope. Mmoja, Olivier, ameinama mara mbili kuingia mlangoni kwetu. Mikono hiyo! Vidole hivyo! Na hajaandikishwa bado, hana kadi. Hana kadi! Wafute nini sasa? Tajiri alisema nilete mtu aliyeshiba. Huyu tutamshibisha kidogo, Jeannette atapunguza tena.

Mama mkwe alikuwa amemshika mkono, anamuuliza kama njiani hakukutana na kijana mmoja mrefu, jina lake Mulenda. Nikamwomba mama anisamehe, angoje kidogo. Kijana huyu kwanza aruke.