Hotuba ya Kuzindua Tundu Mbili za Sauti, Jumba la Vijana la Bir Zitouna

Mheshimiwa Mwakilishi wa Mwakilishi wa Gavana, uliyetutumia salamu pamoja na kiti chako kitupu. Sheikh Imamu wetu. Mwenyekiti wa Chama cha Wakamua Zeituni. Bi Naziha fundi redio, ambaye hakualikwa lakini kaja. Akina mama mlioleta makrudhi, vitamutamu vyetu vya tende. Na nyinyi wageni wa Moknine mliokuja kupigwa leo alasiri: amani iwe juu yenu nyote! (Makofi. Sauti kutoka nyuma: "Fupisha, Mudiri! Mashindano saa tisa!")

Mimi, Hedi Jeribi, Mkurugenzi wa Jumba hili na Msimamizi Mkuu wa Mpango Mkakati wa Burudani Yenye Tija, nasimama mbele yenu kwa unyenyekevu mkubwa, unyenyekevu ambao, nathubutu kusema, haujapata kuonekana wilaya hii. (Kikohozi.)

Mnakumbuka kwamba tangu tuletewe televisheni mpya wakati wa Ramadhani, ule mchezo wetu wa video wa ngumi, ambao ni mkongwe kuliko mkwe wangu, umekuwa ukionyesha picha bila sauti, kwa kuwa adapta, hiki kijisanduku kinachounganisha mchezo wa zamani na televisheni ya kisasa, hupeleka picha tu. Wenye macho mlisema haidhuru. Lakini bingwa wetu wa miaka sita, Ami Munji, haoni. Yeye hupigana kwa masikio: mpinzani akiguna kushoto, yeye huyoo kulia! Tangu Ramadhani kapigwa na kila mtu, mpaka na mimi. (Ami Munji: "Mara moja tu, Mudiri, tena nilikuwa nakunywa chai!" Kicheko.)

Sasa, Bi Naziha alinijia ofisini akasema, "Nipe hicho kidude, nitoboe tundu mbili, nyekundu ya kulia, nyeupe ya kushoto, nilehemu nyaya, nusu saa tu nimemaliza." Jamani! Serikali haiendeshwi kwa nusu saa. Adapta hii ni mali ya umma, ina namba na lakiri. Mali ya umma haitobolewi mpaka ifutwe daftarini, na haifutwi mpaka ithibitike kuwa imeharibika, nayo haijaharibika, si picha inaonekana? (Bi Naziha: "Yarabi, nipe subira!") Ndipo nikaunda Kamati ya Upembuzi Yakinifu wa Sauti, iliyokaa vikao kumi na kimoja, ambapo asilimia tisini na nne ya wajumbe walihudhuria asilimia sitini ya vikao, na makrudhi zikaisha kwa asilimia mia moja.

Matunda ya kazi hiyo ni haya! (Anafunua kitambaa. Kwenye adapta, duara mbili: nyekundu na nyeupe. Vigelegele. Ami Munji anaambiwa, naye analia waziwazi: "Alhamdulillahi, leo nitasikia!") Kutazama ni ruhusa, ila naomba msiguse.

(Ami Munji: "Mimi hutazama kwa vidole, mwanangu." Anapapasa.) Ami, tafadhali, itifaki! (Anapapasa tena. "Mbona pako laini? Hapana tundu hapa. Na hiki kinachonata ni nini?" Anainua kidole; chekundu.)

Kwa hiyo, kwa kumalizia: Sauti kwa wote! Tija kwanza! Bir Zitouna juu! (Ami Munji anainuka, anapapasa kuelekea mlangoni.) Namshukuru Lotfi, mchora mabango, aliyetekeleza mradi wote leo asubuhi kwa brashi moja, bila kutoboa mali ya umma. Naishukuru Kamati. Kuhusu sauti yenyewe, hiyo ni awamu ya pili, nayo, kusema kweli, haijaandikwa popote.

Ami, usiondoke. Kaa, ami yangu. Wallahi nimeona aibu. (Bi Naziha anachomeka waya wa chuma cha kulehemu kwenye umeme.) Bi Naziha, mimi kama Mkurugenzi siwezi kuona lakiri ikivunjwa mbele yangu. Siwezi kabisa. Kwa hiyo, Sheikh, tusomee dua, tafadhali iwe ndefu, na kila mwenye macho hapa ndani, nikianza na mimi, ayafumbe.