Orodha Ndani ya Soksi

Butembo, Jumatatu 12 Machi 2001

Riwaya imekwisha! Miaka miwili, madaftari tisa, nakala moja tu duniani. Keshokutwa napanda lori kwenda Beni. Phinées, karani wa kanisa kule Bungulu, mtaa wa Beni, ana mashine ya kuandika na amekubali kunipigia kurasa zote kabla ya Pasaka.

Mke wangu Kavugho ameuliza kama ni lazima niende wiki hii, njia ikiwa imejaa askari. Nimemweleza kwamba historia haingoji. Vitabu vimejaa majenerali. Nani ataandika juu ya wanawake wanaokwenda shambani viatu mkononi, tayari kukimbia? Mimi, Esdras Syauswa! Kavugho amesema basi niandike pia kwamba paa linavuja.

Jumanne 13 Machi

Balaa! Ézéchias naye anasafiri na lori hilohilo. Mwalimu Ézéchias, yule anayesoma mashairi yake kwenye kila harusi mpaka chakula kipoe. Anayapeleka kwa Phinées yuleyule! Hakika anataka kuniibia hadithi njiani. Madaftari tisa hawezi kuyamaliza, lakini orodha yangu ya wahusika ni ukurasa mmoja tu: nani ni nani, nani anakufa sura gani. Akiiona, kazi yangu imekwenda.

Nina mpango. Orodha nitaivaa ndani ya soksi. Kavugho ameshauri niiache nyumbani. Yeye hajui waandishi walivyo.

Jumatano 14 Machi, kwenye barrière, kizuizi cha askari barabarani

Naandika nimeketi chini, mgongo ukutani. Daftari hili nililificha chini ya shati. Walipekua miguu, tumbo wakaliacha.

Ilikuwa hivi. Askari walitushusha sote. Wakapindua madaftari yangu, wakapiga miayo. Kisha mmoja akaona nachechemea. Soksi! Akasoma kwa sauti, polepole: Mumbere, anakufa sura ya tatu, kwenye barrière. Nzanzu, msaliti. Commandant, sumu, sura ya tisa.

Hata kuku wa juu ya lori walinyamaza. Commandant wao, mkuu wa barrière, akasema hii ni orodha ya watu waliotumwa kumuua, na "sura" ni neno lao la siri. Akauliza Mumbere ni nani. Kwetu jina hufuata zamu ya kuzaliwa. Akina Mumbere wamejaa kila nyumba. Wanaume wanne walijitokeza. Akamchagua dereva wetu, kwa kuwa ndiye mwenye funguo.

Maskini alipaza sauti: "Miye niko chauffeur tu, chef! Huyu mutu simujue!"

Nikajieleza kwamba ni riwaya. Commandant akauliza kama mambo yake ni ya kweli au nimeyatunga. Ningesema nimetunga, sasa tungekuwa Beni. Lakini Ézéchias alikuwa amesimama hapo, anasikiliza! Nikatunisha kifua. Nikajibu kwamba kila neno ni historia ya kweli.

Mumbere dereva amefungwa mikono. Ana watoto sita. Commandant ataamua kesho, na hakusema kwa mzaha. Naogopa. Naogopa sana.

Alhamisi 15 Machi, Bungulu

Asubuhi commandant aliuliza nani mwingine hapa anajua vitabu. Ézéchias akanyoosha mkono! Akapewa madaftari yangu yote tisa. Ndiyo ndoto yake! Alisoma ameketi juu ya bidoni la mafuta mpaka saa sita, anaruka huku, anarudi kule. Kwenye daftari la tatu aliomba maji, akakaa muda mrefu bila kugeuza ukurasa.

Mumbere wa sura ya tatu ni kaka yangu. Alikufa kwenye barrière nyingine, mwaka wa tisini na tisa, akiwa na gunia la maharagwe begani. Ézéchias anajua. Ndiye aliyesoma shairi kwenye mazishi.

Hatimaye akafunga daftari, akasimama mbele ya commandant. "Chef, hii yote ni uongo mutupu. Hata mvua yake ni ya uongo. Huyu mutu hajaona vita hata moya, donc anatunga tu."

Commandant akanigeukia. Je, ni kweli kwamba ni uongo? Damu ilinipanda. Miaka miwili! Kaka yangu! Nilikuwa nimeshafungua mdomo nimkanushe Ézéchias. Mumbere dereva alikuwa ananitazama. Midomo yake ilikuwa imekauka.

Nikasema ni uongo. Commandant akataka nirudie kwa nguvu, wote wasikie.

"Yote ni uongo, chef. Mumbere wa ku sura ya tatu, hakukuwaka mutu kama ule."

Nililia mbele ya lori zima, wala sikuona haya.

Wakamfungua dereva. Orodha wakawashia moto wa chai. Commandant akaagiza kwamba yule mwenzake wa sura ya tisa asife kwa sumu, aoe mwanamke mzuri. Nikaahidi.

Ndani ya lori Ézéchias alininong'oneza kwamba hajawahi kusoma kitu kama sura ya tatu. Akasema amemsikia kaka yangu akicheka mle ndani. Akanishika mkono mpaka tukaingia Beni.

Ijumaa 16 Machi, Bungulu

Nimelala, nimetafakari. "Hata mvua yake"! Askari wote walisikia! Mvua yangu ina kasoro gani? Na zile sifa, mbona alinong'ona? Wivu mtupu. Tena Phinées ameanza kupiga mashairi ya Ézéchias kwanza!

Mumbere dereva anarudi Butembo kesho. Amekubali kunichukua, kwa sharti nikae nyuma na kuku na nisimsemeshe.

Nimeanza riwaya ya pili. Orodha iko tayari. Mwalimu mwenye wivu: anakufa sura ya kwanza. Commandant: sumu, sura ya pili, asicheleweshwe. Kosa langu la juzi nimeliona waziwazi: niliandika "Mumbere" tu, wakasumbuliwa watu wasio na hatia. Safari hii nimeandika majina kamili, na vyeo, na barrière yenyewe.

Soksi wameshazizoea. Orodha nitaiweka ndani ya kofia.