Makala ya Gemu ya Marehemu Kaka

Jumatatu, 3 Machi
Nimeamua. Kufikia Jumapili nitakuwa msimamizi wa wiki yetu, ile ensaiklopidia ya mtandaoni tunayoiandika sisi mashabiki wa gemu. Si cheo kidogo! Msimamizi anafuta makala za wenzake na hakuna wa kumuuliza. Leo wametoa orodha ya gemu na injini, yaani programu za kuundia gemu, zinazosubiri makala, majina yote mekundu kama macho ya mlevi. Ukiandika makala, jina linageuka bluu. Mwenye makala bora ndiye atakayepewa cheo. Mpinzani wangu ni mmoja tu, yule anayejiita Jicho la Mwewe, bingwa wa kutoa kasoro kazi za watu. Sijawahi kumwona na simpendi.

Nikapitia orodha. Lahaula! Katikati ya wekundu, Paa Linavuja. Gemu ya kaka yangu! Alitutoka mwaka jana. Mchana alikuwa fundi friji, jioni anaunda gemu yake peke yake, na aliwahi kuonyesha kipande mtandaoni. Sasa nani mwingine anaijua? Ushindi huu hapa kiganjani.

Jumanne, 4 Machi
Nimekwenda kwa shemeji, mjane wa kaka. Kompyuta iko sebuleni, na binti yao, Kidoti, alikuwa anacheza. Kwenye gemu wewe ni fundi, unapanda juu ya paa mvua inanyesha, unaziba matundu. Ukiteleza ukaanguka, sauti ya kaka inasema: inuka, mwanangu, tujaribu tena. Aliirekodi akiwa tayari mgonjwa, pumzi zinasikika.

Kidoti hazibi hata tundu moja. Anapanda, anajirusha, anasikiliza. Anapanda tena, anajirusha. Nikamwambia anacheza vibaya. Shemeji akanitupia jicho ambalo sikulipenda.

Nikaomba kuichukua mashine kwa ajili ya makala. Akakataa katakata. Sauti ya mume wake, alisema, imebaki mahali pawili tu: humo, na kwenye simu yake yeye mwenyewe ya zamani, aliyoifungia kabatini. Hampi mtu yeyote, hata awe nani. Ubahili wa ajabu!

Alhamisi, 6 Machi
Akili ni mali yangu. Nimemwambia shemeji kwamba feni ya kompyuta inanguruma kwa vumbi, na kwamba siku si nyingi mashine itaungua na kila kitu ndani. Alibadilika rangi. Akaniapisha nitasafisha tu, sitagusa kitu. Nikaapa. Kuapa hakuumi. Kidoti alinibebea kibodi mpaka mlangoni, akauliza inarudi lini. Kesho, nikasema.

Nimetangaza kwenye wiki kwamba makala inapikwa. Jicho la Mwewe akaniandikia papo hapo. Kama gemu iliundwa kwa injini ya Tofali ile ya zamani, alisema, niweke nakala kabla ya kuifungua kwenye Tofali mpya. Wivu mtupu! Anataka kunichelewesha.

Ijumaa, 7 Machi
Tofali ndiyo programu ambayo kaka aliundia gemu, na kwa kuwa hakuwahi kuimaliza, inachezwa humo humo ndani. Ila Tofali yake ni kuukuu. Mvua yake ni mistari ya kijivu tu. Nitaweka picha ya aibu kama ile mbele ya watu? Nikaamua kupakua Tofali mpya. Diski ikagoma, imejaa. Nikakuta folda kubwa kaka ameiita Nakala. Ndani vitu vilevile vilivyoko nje! Marehemu alikuwa mtu wa kurundika. Nikaifuta.

Tofali mpya ikaniuliza kama niko tayari kuubadilisha mradi, maana hautarudi tena kuwa wa zamani. Ndiyo. Ikauliza kama isafishe mafaili ya sauti isiyoyatambua. Ndiyo. Mimi si mtu wa kusitasita.

Mvua inang'aa, wacha kabisa! Nikapiga picha. Kisha nikamwangusha fundi.

Kimya.

Nikamwangusha tena. Kimya. Jasho limenitoka mpaka kwenye nyayo.

Jumamosi, 8 Machi
Nimeipeleka mashine kwa fundi wa kompyuta. Alihangaika asubuhi nzima, akauliza nani aliikalia mashine hii. Nikasema mtoto. Akasema huyo mtoto asiikaribie tena, kwa sababu vitu vipya vimeandikwa juu ya vya zamani. Hakuna cha kurudisha.

Nikairudisha kwa shemeji. Nikasema sasa ni safi kabisa. Kidoti akapanda, akajirusha. Akangoja. Akaongeza sauti mpaka mwisho, akajirusha tena. Akaniuliza: baba mdogo, mbona baba hasemi?

Shemeji akatoka jikoni, mikono inachuruzika maji. Aliuliza kitu kimoja tu, kama niligusa ndani. Nikasema labda vumbi ndilo lililokuwa limeshikilia mambo. Hakupiga kelele. Alikaa sakafuni, akampakata mtoto. Bora angenirushia sufuria. Nimelia njia nzima, sifichi. Siku ya mazishi sikulia hivi.

Jumapili, 9 Machi
Jicho la Mwewe ndiye msimamizi. Jina la makala yangu lilikaa bluu mpaka saa sita, kisha akauliza sauti iko wapi, nikajibu imefutika, akaihamishia makala kwenye kundi la Gemu Zilizopotea. Akanipa pole ya kufiwa, bila kijembe hata kimoja. Kaniudhi kweli kweli! Akaongeza kwamba sauti ya kaka ikipatikana popote, makala itarudishwa, yenye nyota ya makala bora.

Popote.

Jumatatu, 10 Machi
Shemeji yuko kazini. Nimemkuta Kidoti ametoka shule, nikamwambia naweza kumfanya baba aseme tena. Hata sikumaliza. Alikimbia ndani, kumbe anajua ufunguo wa kabati unapofichwa, akarudi na ile simu ya zamani, kaiviringisha kwenye sweta lake la shule. Ameniomba nisichelewe, mama asije akajua.

Nimeiweka kwenye chaji. Ujumbe wa sauti wa kaka umo, eti anamkumbusha shemeji asisahau mkate. Sauti yenyewe! Nitaitoa, niitie kwenye gemu, Kidoti afurahi, mimi nipate nyota. Tatizo ni simu kuukuu, haikubali waya wangu mpaka iwekewe toleo jipya. Na toleo jipya linasema nafasi haitoshi, je, lifute ujumbe wa zamani?

Jicho la Mwewe, niliyemtangazia kwamba sauti imepatikana, kaandika tena. Anauliza kama safari hii nina nakala. Mtu huyu!

Nimebonyeza Ndiyo.