Mwezi wa Bure wa Phanindra

Phanindra alikuwa na sauti ya mtu anayekuombea mema. Kwa sauti hiyo alikuwa amewaliza watu wengi pale Ameerpet, mtaa wa jiji la Hyderabad huko India, na karibu wote walimpa chai kabla ya kulizwa.

Kazi yake haikuwa na jasho. Kampuni za ng'ambo hukodisha kompyuta zao kubwa kupitia mtandao, na ili kukuonjesha hukupa mwezi wa kwanza bure, mradi uandikishe kadi ya benki. Wanakata rupia mbili, wanazirudisha, mnakuwa marafiki. Phanindra alitafuta mtu mwenye kadi na tamaa, akamfungulia akaunti na kumwahidi kodi ya kila mwezi kwa kompyuta ambayo hata hajainunua. Kisha alibonyeza "ndiyo" pale panapouliza kama mteja atalipia yatakayozidi kiasi cha bure, akawasha mashine kubwa na kuwakodishia wanafunzi wa kozi za kompyuta, ambao mtaa ule unao wengi kuliko mbu. Bili ilipofika, ilifika kwa mwenye kadi. Phanindra alikuwa ameshabadilisha laini ya simu.

Wa mwisho kulizwa alikuwa Yadagiri, muuza bangili, aliyeuza nusu ya duka ili kuilipa benki.

Na tusimwonee mtu huyu, naye alikuwa na ndoto yake. Alikuwa akiweka akiba ya kukodi chumba juu ya duka la miwani, atundike ubao wa "Taasisi ya Phanindra", wasichana na wavulana wamwite mwalimu. Ubao ulikuwa umeshachorwa. Usiku aliufunika kwa shuka.

Asubuhi moja alisikia wasichana wawili wakilalamika nje ya hosteli ya mama mmoja mjane, Sulochana, kwamba chuoni hakuna mashine za kufanyia mazoezi. Phanindra akatengeneza nywele, akaingia. Uani alizunguka skuta mpya iliyotoka kubarikiwa, imepakwa manjano na unga mwekundu usoni, shada la maua bado bichi, ndimu zimepondwa chini ya magurudumu. Akaisifu, akakaa.

Sulochana alimletea upma, ule uji mzito wa semolina na viungo, na kahawa, akamsikiliza mdomo umeachama kidogo. Huo ndio uso ambao Phanindra aliupenda kuliko nyuso zote duniani. Akamweleza kwamba wasichana wake wangemlipa ada ya mazoezi, na yeye asingetoa hata senti.

"Bure kabisa?" aliuliza.

"Bure kama hewa, dada. Nipe kadi tu."

Mama akaitoa kadi, akaitazama, akairudisha kwenye pochi.

"Huu si Ashadham, mdogo wangu? Mwezi wenyewe huu hata bi harusi anarudishwa kwao. Mimi sianzi kitu kwa jina langu. Weka yako kwa sasa, mwezi ujao wa Sravanam ukiingia tunaweka yangu."

Akamwekea mezani ada ya mwezi ya wasichana wote, kwa kuwa kadi itakuwa yake, noti juu ya noti.

Phanindra alipiga hesabu haraka. Mwezi wa mkosi ulikuwa umeanza juzi tu, na mwezi wa bure ungeanza leo. Ingeisha karibu pamoja, na bili ingemkuta mama. Akaandika kadi yake mwenyewe na barua pepe ya hosteli. Mashine kubwa zilikataa kuwaka, likatokea lile swali la siku zote, la kulipia yatakayozidi, na kidole chake, kwa mazoea tu, kikabonyeza "ndiyo". Mama akaomba na paswedi, akisema haiwezekani nyumba iwe yake na ufunguo asiwe nao. Akampa. Mpika upma angefanya nini na paswedi?

Kabla mwezi haujafika nusu, Phanindra alikuwa amesimama juu ya duka la miwani akielekeza ubao unyanyuliwe kidogo upande wa kushoto. Meseji ya benki ikaingia. Akaisoma, akaketi kwenye ngazi. Bili ilikuwa imekula akiba yote ya chumba.

Akawapigia kampuni. Akajibiwa na kijana mwenye sauti ya mtu anayekuombea mema, aliyempa pole, akasema kiasi cha bure kilikwisha mapema, na kumkumbusha kwamba alibonyeza "ndiyo".

Pale hosteli, baraza lilijaa wasichana na kompyuta mapajani. Paswedi ilikuwa imebadilishwa.

"Dada, zima hizo mashine. Kila saa zinanila."

"Zimewaka tangu siku ile, usiku na mchana," alisema Sulochana, akichambua dengu. "Keti."

"Ulijua?"

"Muuza bangili, Yadagiri, ni mdogo wangu. Yeye wa kweli, tumbo moja."

Phanindra aligeuza macho uani. Skuta ilikuwa palepale, unga mwekundu umeanza kufifia. Mtu anayeuogopa Ashadham hachukui skuta mpya ndani ya mwezi huo, na jambo hilo hata mtoto wa Hyderabad analijua. Yeye alikuwa ameizunguka, akaisifu.

"Mwezi huu wenye maduka wanapunguza bei," alisema mama. "Mikosi sina muda nayo."

Kisha akampa masharti. Mashine zingezimwa saa hiyo hiyo. Phanindra angefundisha wasichana kila jioni, na mshahara ungekwenda kwa Yadagiri mpaka duka lirudi kama lilivyokuwa. Upma angepewa bure. Alitaka kubishana, lakini kila neno lilikuwa linamgharimu, akakubali.

Jioni akasimama barazani mbele ya ubao wake mwenyewe, ambao mama alikuwa ametuma watu wauchukue. Msichana wa mstari wa mbele akanyoosha mkono.

"Mwalimu, hapa panauliza kama tutalipia yatakayozidi. Tubonyeze ndiyo?"

Lile neno, mwalimu, lilimgusa kuliko alivyotegemea. Sulochana alikuwa mlangoni na sinia la dengu, akisubiri.

"Msibonyeze," alisema Phanindra, na sauti yake ikatoka kavu, bila utamu wowote. "Ngoja niwaonyeshe kwanza pa kufungia akaunti."