Shemeji wa Kocha

Kinanda aliingia kwa kinyozi akiwa na nia moja tu, kunyolewa ndevu na kuondoka bila kulipa. Ilikuwa nia ndogo, ya mtu aliyechoka. Zamani asingejishusha hivyo.

Jina la Kinanda alipewa na watu aliowaliza, maana mdomo wake ulipiga wimbo wowote ulioombwa. Aliwahi kuuza kiwanja kimoja kwa mabwana harusi watatu, na wote watatu wakamwalika harusini. Lakini ujanja wa mjini, msione hivi, ni kazi ya miguu. Mdomo hutafuta, miguu huokoa. Na magoti ya Kinanda yalikuwa yamestaafu kabla ya mwenyewe. Safari ya mwisho alikimbizwa na muuza magodoro, mtu mnene mwenye pumu, na alikamatwa. Alipigwa kidogo, lakini aibu ilimuuma kuliko kipigo.

Basi aliingia akakuta hakuna anayenyolewa. Muuza nyama alikuwa amekaa kwenye kiti cha mbele ya kioo, nusu ya kichwa inang'aa na nusu ina nywele, kwa sababu kinyozi alikuwa hawezi kunyoa na kubishana kwa wakati mmoja, na kati ya hizo kazi mbili alikuwa amechagua ile aipendayo.

"Wachezaji ndio waliomchoma," kinyozi alikuwa akisema, mashine inanguruma hewani. "Golikipa anafungwaje goli la kutoka katikati ya uwanja? Alikuwa anafunga kamba za viatu?"

"Yule golikipa hana akili ya kuhujumu," alisema muuza nyama. "Muulizeni mwenyekiti wa klabu. Anataka mkwe wake acheze namba kumi. Namba kumi gani ana kitambi?"

"Mnapoteza muda," alisema mwalimu mstaafu kutoka kwenye benchi, bila kushusha gazeti. "Ameitwa na watani wetu. Mtu akiondoka kimya kimya, jua anakwenda kula kwa jirani."

"Hiyo umeisoma wapi, Mwalimu?"

"Nimeiwaza."

"Haya, endelea kuwaza."

Kinanda hakuhitaji kuuliza wanamsema nani, mji mzima ulikuwa unaimba wimbo huo. Kocha wa timu yao, Nungunungu, alikuwa ameondoka Jumanne bila kumuaga hata mlinzi wa uwanja. Timu ni ya pili kwenye ligi, mechi na watani ni Jumapili, na wachezaji wamefika mazoezini wakakuta filimbi yake imening'inia kwenye mwamba wa goli, mwenyewe hayupo. Simu hapokei. Nyumba imefungwa. Hapa ndipo lilipokuwa tawi kuu la mashabiki, na kinyozi ndiye mkuu wa tawi.

Kinanda alikaa, akapima chumba kama ilivyo desturi yake. Pembeni, karibu na soketi, alikaa mama mmoja mtu mzima, mgeni machoni, mwavuli mapajani, akisubiri simu yake ijae chaji. Hakuna aliyemsemesha. Kinanda alimpitishia jicho, akaona pale hakuna cha kuchukua. Kisha akaona kitu kikubwa kilichofunikwa shuka kati ya sinki na ukuta, na chini ya shuka, gurudumu.

"Hiki nini, ndugu yangu?"

"Pikipiki ya tawi," alijibu kinyozi. "Tulishinda kwenye bahati nasibu ya sabuni. Mpya kabisa."

"Mbona haitembei?"

Kinyozi alikohoa. Hawakuwa wamekubaliana nani aiendeshe kwanza. Walipiga kura mara tatu, na mara zote tatu kila mtu alijipigia mwenyewe. Kwa hiyo kila Ijumaa iliwashwa humohumo ndani, ikanguruma, watu wakapiga makofi, ikazimwa, ikafunikwa. Mafuta ilikuwa nayo tele.

Magoti ya Kinanda yalisikia hayo kabla ya masikio yake. Mtu mwenye pikipiki hakamatwi na mwenye pumu wala asiye na pumu. Mtu mwenye pikipiki anaweza kufanya kazi miaka kumi mingine, miji kwa miji, akazeeka kwa heshima. Aliitazama ile shuka kwa mapenzi ya kweli, na mapenzi ya kweli yalikuwa kitu adimu kwake.

Akashusha pumzi. Hiyo pumzi aliifanyia mazoezi ujana wake wote, ilikuwa na majonzi ndani yake na staha juu yake.

"Jamani," alisema taratibu, "mwacheni dada yangu apumzike."

Mashine ilizimwa. "Dada yako nani?"

"Nisameheni. Nilikuja kunyoa tu."

"Dada yako nani, bwana?"

"Si ndiye mke wa kocha."

Hapa naomba tusimame kidogo tumpe fundi haki yake. Tapeli mchanga angejifanya wakala wa kocha, wangemwomba karatasi. Angejifanya rafiki yake, wangemwuliza mbona hatukujui. Lakini nani amewahi kumwomba shemeji kitambulisho? Muuza nyama alitolewa kitini na kichwa chake cha nusu, Kinanda akaketishwa, akanyolewa, akapakwa spiriti na poda mpaka shingoni, na katika kazi yote hiyo hakuna aliyethubutu kutaja malipo.

"Sasa shemeji," alisema kinyozi akimpepea kwa taulo, "tuambie ukweli. Ni wachezaji, sivyo?"

"Ulivyosema ndivyo. Golikipa yumo."

"Na mwenyekiti?" aliuliza muuza nyama.

"Namba kumi yule alimtoa kocha machozi."

Mwalimu hakuuliza, aliinua tu nyusi.

"Watani wenu walimpigia simu," Kinanda alikiri. "Mara nyingi."

Kila mmoja aliwatazama wenzake kwa ushindi, na hakuna aliyeona ajabu kwamba wameshinda wote. Ndivyo ubishi wa mpira ulivyo. Anayetaka ukweli ni mmoja kwa mia, waliobaki wanataka kuambiwa walisema.

"Lakini hayo yote angevumilia," Kinanda aliendelea, sauti ikishuka. "Kilichomvunja ni kingine. Siwezi kukisema mbele ya watu walioninyoa vizuri hivi."

Walimbembeleza. Alikataa. Walimletea soda. Alikunywa, akakataa. Mwisho akasema, macho sakafuni, "Kocha alikuwa anakwenda mazoezini kwa miguu. Jua lake, tope lake. Siku moja kapita hapa nje, kasikia pikipiki inawashwa na watu wanapiga makofi. Akarudi nyumbani akamwambia dada, mke wangu, hawa watu wana pikipiki ya kusikiliza na kocha wa kutembea. Usiku ule hakula."

Muuza nyama alijishika ile nusu ya nywele.

"Kumbe ni sisi," alisema, na aliumia kweli.

"Yuko wapi sasa?" aliuliza kinyozi.

"Kwetu, kwa mama. Na mama naye hali wala hanywi, mguu wake mbaya umevimba kwa mawazo. Haya magoti yangu mnayoyaona nimerithi kwake."

Mwalimu alikunja gazeti. Kwa wanaomjua, hilo lilikuwa jambo zito. "Hii ni kesi ya ndoa," alisema. "Mke akirudi kwao kwa hasira, hapigiwi simu. Wakwe wanafuatwa, na hawafuatwi mikono mitupu. Kocha ni mume wa dada yake huyu, lakini kwetu sisi ndiye mke. Amerudi kwao, ingawa hapo kwao penyewe ni kwa mkewe."

"Umetuchanganya," alisema muuza nyama.

"Hakuna kilichochanganyika. Apelekewe pikipiki."

Kinanda alikataa kwa mikono miwili. Alisema ni kubwa mno, alisema familia yao si ya tamaa. Kadiri alivyokataa ndivyo walivyomsukumia, mpaka akakubali kwa shingo upande, kwa ajili ya dada. Alitaka aichukue palepale, lakini tawi halikusikia. Zawadi ya wakwe haitolewi kama chenji. Ilitakiwa ioshwe, watu waitwe, picha zipigwe, Mwalimu aseme neno. Kesho asubuhi, basi.

Kosa lake lilikuwa hilo, kukubali kesho. Alilala nyumbani kwa kinyozi, kitanda cha wageni, mke wa kinyozi akimwita shemeji na kumwongezea mchuzi. Hakukumbuka hata kidogo yule mama wa mwavuli, aliyechomoa simu yake mara tu kesho asubuhi iliposemwa na kuondoka.

Asubuhi barabara mbele ya kinyozi ilijaa jezi. Pikipiki ilikuwa nje kwa mara ya kwanza katika maisha yake, imeoshwa, imefungwa utepe. Mwalimu alisema neno, akasema na mengine mengi. Kinyozi alitoa funguo mfukoni. Mkono wa Kinanda ulikuwa tayari umenyooka.

"Mwanangu."

Umati uligeuka. Yule mama alikuwa anakuja anachechemea, ameegemea mwavuli, kila hatua na kilio chake.

"Mwanangu, unatoka nyumbani huagi, nami nakufuata kwa mguu huu."

Kinanda aligeuka nyuma kutafuta anayeitwa.

"Mama," alisema kinyozi polepole, "wewe ndiye..."

"Mama mkwe wa kocha wenu. Ndiye."

Kofia zilivuliwa. Watu walirudi nyuma hatua mbili kama watu wenye adabu kwa wakwe, na muuza nyama akatupa sigara yake.

"Lakini jana ulikuwa humu ndani unachaji simu," alisema kinyozi.

"Nilikuwamo. Mkwe wangu amekuja kwangu analia. Mlitaka nipokee zawadi ya watu nisiowajua? Nilikaa niwasikilize mnavyomsema. Mnampenda. Mnampenda vibaya, lakini mnampenda."

Wanaume kadhaa walifuta macho. Kinanda alikuwa anapiga hesabu za haraka. Aseme huyu si mama yake? Basi mama yake mwenye mguu mbaya ni yupi? Na aseme hilo mbele ya umati, kwa kikongwe anayechechemea? Mtu anayemkana mama yake hadharani hupigwa kwanza, kisha ndipo huulizwa. Aliyatazama magoti yake. Yalikuwa yameshajibu.

"Shikamoo, mama," alisema.

"Marahaba. Umekula?"

"Nimekula."

"Nani kakufulia shati?"

"Shemeji hapa, mke wa kinyozi."

"Mungu ambariki." Akamnyooshea kola, na alipokuwa akiinyoosha macho yao yalikutana. Mle machoni mwa yule mama Kinanda aliona kitu anachokijua vizuri sana, kwa sababu alizoea kukiona kwenye kioo kila asubuhi.

"Zawadi ya wakwe," alitangaza Mwalimu, "huingia mkononi mwa mama. Akiwapo mama, kaka hapokei."

Funguo zikaenda kwa mama.

Kinanda hakuwa mtu wa kukata tamaa mapema. "Mama, na mguu huo? Nipe niendeshe mimi, wewe panda nyuma. Tutakwenda polepole."

Umati ulinung'unika kwa kuguswa. Mama alimpapasa shavu lililonyolewa bure.

"Mnaona nilivyomlea," alisema. "Lakini huyu hatakwenda. Ninyi mmetoa chenu, na sisi tutoe chetu. Namwacha kwenu. Akae nanyi, ale nanyi, mpaka mkwe wangu arudi uwanjani. Kocha akirudi, mtanirudishia mwanangu."

Hapo ndipo makofi yalipolipuka. Hata Ijumaa hayakuwahi kupigwa makofi kama yale. Mama alifunga mwavuli nyuma ya kiti, akapandisha gauni kidogo, akapanda, akapiga kiki moja tu kwa ule mguu mbaya. Pikipiki ikawaka.

"Mguu wako, mama," alisema kinyozi.

"Furaha ni dawa," alijibu Mwalimu kwa niaba yake.

Mama alimwashiria Kinanda asogee. Akamwinamia kama anayembariki, mdomo sikioni.

"Mwanangu," alinong'ona, "kwani huyo kocha ana mke?"

Kinanda alifikiri. "Sijui," alisema, na lilikuwa neno la kweli la kwanza kumtoka wiki ile.

"Hata mimi," alisema mama. Akaingiza gia kama mtu aliyezaliwa nayo, akakata kona bila kupunguza mwendo, na utepe ukapepea nyuma yake mpaka akapotea.

Vumbi lilikuwa halijatulia ubishi ulipoanza. Kinyozi alisema mama ameondoka kasi vile kwa sababu ya machungu ya kuacha mtoto. Muuza nyama alisema hapana, mwenyekiti wa klabu alikuwa anakuja na mama hataki hata kumwona. Mwalimu alisema walikuwa wanapoteza muda, yeye alikuwa na jibu.

"Umelisoma wapi?"

"Nimeliwaza."

Kisha wote watatu, na umati nyuma yao, wakamgeukia Kinanda. Kinyozi alimwekea mkono begani, mkono mzito wa kirafiki.

"Shemeji, wewe ndiye unayejua. Mbona ameondoka ghafla hivyo? Na kocha ataingia lini? Maana Jumapili si mbali."

Kinanda alitazama barabara jinsi ilivyonyooka. Akatazama magoti yake. Akarudi ndani, akakaa kwenye benchi.